Wa Sita

Kila nikishuka matatu Kisii mjini, kabla sijapanda ingine ya kwenda Nyamira, huwa napita Uwanja wa Gusii. Siingii. Nanunua ndizi, nasimama nje ya ukuta, najipa dakika kumi za kupanga jibu, maana swali la nyumbani nalijua: "Ulimaliza lini shule?" Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iliisha, halafu, kusema ukweli, hamu nayo ikaisha. Sasa naandika. Kuna mhariri ana deni langu tangu Machi.

Nasimama hapo kwa sababu ya Nyandika Maiyoro. Ukitaja mbio za Kenya watu wanaruka moja kwa moja hadi Iten na pesa za Boston. Sisi Abagusii tunaanzia nyuma kidogo. Mwaka 1954 Nyandika alikimbia maili tatu kule Vancouver, akamaliza wa nne. Mwaka 1956 Kenya ilienda Olimpiki mara ya kwanza, bado koloni, na huko Melbourne akawa wa saba katika mita 5,000. Roma, 1960, mbio zilezile: wa sita.

Nne, saba, sita. Hakuna medali hapo. Wala mshahara, kwa sababu Olimpiki ya enzi hizo ilikuwa ya wanariadha wa ridhaa. Ukilipwa kukimbia, umefungiwa.

Medali zilikuja baadaye. Naftali Temu, wa upande wetu wa Nyamira, alileta dhahabu ya kwanza ya Kenya kutoka Mexico City mwaka 1968, mita 10,000. Munich 1972, timu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne ilishinda dhahabu, na watatu kati ya wale wanne walikuwa wa kwetu: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang.

Kwa hivyo watu husema Nyandika aliwafungulia njia. Mimi hiyo sentensi inanikera. Inamfanya mlango. Kule Roma hakuwa anamkimbilia Temu, ambaye wakati huo alikuwa kijana tu. Alikuwa anakimbia ashinde, na wanaume watano wakamshinda. Alifariki mwaka 2019, na nadhani hizo mbio alizibeba hadi mwisho kama zake mwenyewe.

Mara ya mwisho nilifika nyumbani jioni. Baba alingoja nimalize ugali ndio aulize.

"Hiyo kazi ya kuandika, inalipa?"

"Bado, Baba."

"Sasa hivi unaandika nini?"

Nikamwambia Nyandika. Akaweka kikombe chini.

"Roma alikuwa wa ngapi vile?"

"Wa sita."

Akanyamaza, akahesabu kitu kwa vidole.

"Wa sita dunia nzima?"

"Eeh."

Akanisukumia sukari. Ile habari ya Machi sikumwambia.