Buibui wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu anaishi Uingereza pamoja na wazazi wake, na kila Jumapili jioni hunipigia simu. Jumapili moja mwaka jana, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliniambia kuwa anataka kufuga buibui. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia: buibui mkubwa mwenye manyoya, wale waitwao tarantula. Mama yake amekubali, na fedha ameziweka mwenyewe. Tena ameshamchagua dukani.

"Babu, huyu anatoka kwetu. Wameandika Usambara."

Akanitumia picha. Sisi wa Chanika tukifika Korogwe tunaiona milima ya Usambara imesimama mbele yetu, kwa hiyo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Alikuwa wa rangi ya chungwa lililoiva, amesimama wazi katikati ya kiboksi chake. Wataalamu humwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Mwingereza Pocock mwaka 1897. Aina hiyo imeenea kutoka Angola hadi Afrika Mashariki, lakini wale wa rangi ya chungwa ndio wanaouzwa duniani kwa jina la Usambara.

Nilimwuliza kwa nini amemchagua huyo. Alikuwa na sababu mbili: kwanza ni wa nyumbani, pili hajifichi. Wengine pale dukani walikuwa wamejichimbia, naye hataki kufuga shimo. Sababu hiyo ya pili ilinigusa mahali ambapo sikuwa nimepagusa kwa miaka mingi.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi wilayani Handeni. Wanafunzi wakilima shamba la shule walifukua shimo lililotandikwa utando laini kama hariri, na ndani yake mlikuwa na buibui mkubwa kama kiganja cha mtoto. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifundisha kwamba kitu halisi hufundisha kuliko picha ya ubaoni. Basi nikamtia katika chupa kubwa ya kioo yenye udongo, nikaiweka dirishani. Siku mbili za kwanza darasa zima lilisongamana pale. Siku ya tatu alikuwa amechimba na kutoweka, na watoto wakaanza kunong'ona kuwa mwalimu anafuga udongo.

Ningeweza kuwaeleza kwamba huyo ni mnyama wa usiku, na kukaa shimoni ndiyo maisha yake. Hilo nalo lingekuwa somo. Lakini nilitaka aonekane. Nilichukua kijiti nikamchokoa. Alitoka kwa kasi ambayo sijapata kuiona tena, akapanda kijiti, akaangukia mkono wa mvulana aliyekuwa karibu yangu, akamng'ata kidole. Mtoto yule alilia usiku kucha. Mkono ulivimba, na misuli ikamkaza kwa siku kadhaa kabla hajapona. Baba yake alikuja shuleni, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, yule mdudu alikukosea nini?" Sikuwa na jibu.

Nilimwomba mjukuu wangu anipe juma moja nisome kabla hajanunua. Nilijifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua zamani. Tarantula wengi wa Marekani ya Kusini na ya Kati wana vinyweleo vya kuwasha juu ya tumbo. Wakitishwa huvisugua kwa miguu vikamrukia adui, kwa hiyo wengi wao hawana haraka ya kuuma. Wa kwetu Afrika, na wale wa Asia, hawana silaha hiyo. Wana mbio na meno tu. Huyu wa Usambara hajulikani kuua mtu, lakini maumivu yake ni makali, na wafugaji wa Kiingereza wamempa jina la utani lenye maana ya "kitu cha rangi ya chungwa kinachouma."

Nilijifunza pia kuwa kuonekana ni jambo moja na kuhangaika ni jambo jingine. Buibui anayesimama wazi kwenye kiboksi cha dukani huenda hakupewa udongo wa kuchimba wala gome la kujisitiri. Anayemfaa mtu anayeanza ni yule anayekaa nje kwa sababu ametulia. Wako wa namna hiyo: wa magoti mekundu kutoka Mexico, ambaye tangu mwaka 1985 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa, hivyo atafutwe aliyezaliwa kwa wafugaji, na wa manyoya ya kujikunja kutoka Honduras, Nikaragua na Kostarika.

"Lakini Babu, hao si wa kwetu," alilalamika.

"Wa kwetu anakaa kwetu," nikamjibu. "Ukija likizo tutakwenda kumtazama usiku kwa tochi. Hatutamchokoa."

Alimchukua yule wa manyoya ya kujikunja. Tulikubaliana masharti: udongo wa kutosha, gome la mti, kisahani cha maji, kiboksi kisiwe kirefu kwenda juu, maana tarantula akianguka tumbo hupasuka, na asimshike mkononi. Nilimkumbusha kuwa akiwa jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Asichukue mnyama wa miaka 20 kwa hamu ya wiki mbili.

Miezi michache baadaye alipiga simu siku isiyo Jumapili, analia. Buibui amelala chali, miguu juu, hali chakula. Amekufa. Nilimwambia asimguse, amwondolee panzi aliyebaki, asubiri. Asubuhi yake alikuta kama buibui wawili: mmoja ganda tupu, mwingine mwenyewe, mpya, amekaa kando akikauka.

Jumapili iliyofuata aliniuliza, "Babu, yule mvulana ulimwomba radhi?"

Nilikuwa sijamwomba. Nilijitetea moyoni kuwa alipona, na kuwa ni zamani. Mwezi uliofuata nilipanda basi kwenda Korogwe, ambako anaishi na watoto wake wakubwa. Nilimweleza kilichonileta. Alicheka, akatazama kidole chake, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwalimu," alisema, "mimi siku zote nilidhani nilisimama karibu mno."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amelibeba kosa langu.