Hiyo Ililowa

Kwenye laptopu mimi ni mhandisi wa vifungashio vya vifaa vya matibabu, uzoefu wa miaka 12. Nje ya laptopu niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilipokwama, na Kukhu hajui. Mteja wangu yuko Marekani. Makala hutoka kwa jina lake, mimi natumiwa pesa.

Mwanzoni nilidhani ni kazi ya maboksi. Kumbe. Chukua sirinji ya kawaida: pakiti yake upande mmoja ni plastiki, wa pili karatasi. Wengi huona hiyo karatasi ni ubahili wa kiwanda. Pakiti ikishafungwa, mara nyingi hutiwa kwenye gesi ya ethilini oksaidi iue wadudu. Gesi hupenya karatasi ikaingia, kisha ikatoka, lakini wadudu wa nje wakijaribu hukwama kwenye nyuzi zake. Labda ilowe. Maji huwavusha. Kuna kanuni nzima ya kimataifa, ISO 11607, inayohusu mambo haya tu, na kuna watu wanaolipwa kupima pakiti inabanduka kwa nguvu kiasi gani. Nilikuwa nikiyaandika yote bila kuyawaza.

Aprili nikampeleka Kukhu kliniki moja mjini. Mvua ya Kakamega ya saa tisa, mnaijua, ilikuwa imepitia dirishani. Sista akatoa sirinji kwenye boksi lililokuwa chini ya hilo dirisha. Karatasi ilikuwa na doa la maji, limekauka.

“Samahani sista, hiyo ililowa.”

“Si imekauka?”

“Hata ikikauka. Haifai tena.”

Akaniangalia kuanzia viatu. “Kwani wewe ni daktari?”

Ningesema mhandisi. Neno nimelichapa mara ngapi? Kukhu alishaanza kunivuta shati, yeye anayewaambia watu kanisani kwamba namaliza mwakani.

“Hapana,” nikasema. “Hata chuo niliacha. Lakini hiyo usimdunge nayo.”

Sista akanyamaza. Halafu akaitupa, akaenda kabatini, akarudi na nyingine. Aliigeuza pande zote mbili kabla ya kuibandua.

Kwenye matatu Kukhu alishika pamba mkononi, akatazama nje muda mrefu.

“Uliacha lini?”

“Mwaka juzi.”

Tukapita stejini mbili hivi.

“Na hiyo karatasi,” akasema, “inaachaje gesi ipite na wadudu wasipite?”

Nikamweleza mpaka tukashuka Lurambi.