Ugumu na Uvumilivu wa Chuma

Uzuri wa plau haujulikani sokoni, hujulikana shambani. Katika nyanda za Bariadi, mkoani Simiyu, udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na hunata wakati wa mvua. Hapo ng'ombe huvuta tangu alfajiri, na kila kisiki kilichofichika ni mtihani wa kazi ya mhunzi.

Siku moja mkulima alimletea mhunzi kisu cha plau, yaani chuma kile kikatacho udongo, kimevunjika vipande viwili kabla ya ekari moja kwisha. Mvua za Novemba zilikuwa zimekwisha anza, na mbegu za pamba zilikuwa zikingoja. Pamba iliyochelewa kupandwa ni karo iliyochelewa kulipwa.

"Mzee," alisema mkulima, "uliniambia kuwa kisu hiki ni kigumu."

"Kigumu ni kweli," alijibu mhunzi, "na ugumu ndio uliokivunja."

Akageuza kipande juani. Pale kilipovunjika palimetameta kwa chembe kubwa kubwa kama chumvi ya mawe, wala hapakuwa na dalili ya kupinda. Alama hiyo humfedhehi mhunzi, kwani husema kuwa moto ulizidi.

Springi ya gari kuukuu, ambayo wahunzi wengi huifua kuwa zana, ni pua yenye kaboni. Ikipashwa moto hadi nyuzi 850 hivi za sentigredi, kaboni huyeyuka na kuenea ndani ya chuma. Ikichovywa ghafula, kaboni hukosa nafasi ya kutoka. Hunaswa, na chuma hujikaza kwa umbo liitwalo martensaiti. Umbo hilo ni gumu mno, lakini halivumilii pigo. Kwa hiyo chuma hicho hurudishwa motoni mara ya pili, kwa upole. Uso uliosuguliwa hugeuka rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu karibu na nyuzi 300. Kila rangi hupunguza ugumu kidogo, na kwa kawaida huongeza uvumilivu.

Walakini moto wa pili nao una mitego yake. Baadhi ya pua zenye fosforasi au bati, zikipoa polepole kati ya nyuzi 575 na 375, hurudia udhaifu wa kuvunjika. Wala wakubwa wa elimu hawakusalimika. Mwezi Machi 2013, katika daraja jipya la San Francisco na Oakland, Marekani, fito 32 kati ya 96 za pua yenye nguvu nyingi zilikatika baada ya kukazwa. Hidrojeni ilikuwa imepenya katika chuma kilichokuwa kigumu kuliko uvumilivu wake.

Mhunzi wa Bariadi hakulaumu springi wala kisiki. Alikiri kuwa siku ile wateja walikuwa wengi, akazidisha moto, akakichovya kisu katika maji badala ya mafuta, na hakukirudisha motoni. Alifua kingine bila malipo, akangoja rangi ya buluu, huku mkulima akitazama mawingu. Siku mbili zilipotea, na hakuna moto uwezao kuzirudisha. Lakini kisu cha pili kilipogonga kisiki kilipinda kidogo, kikaendelea kulima.