Kitunguu saumu na watoto wa Hayawahusu

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, na wapo walioniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Maramba kwa mama, na yaliyonikuta huko sikuwa na hamu ya kuyaandika mapema, maana sehemu ya kosa ni langu.

Kwa wasiopajua, Maramba ipo wilaya ya Mkinga mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Ukitoka Tanga mjini unafika Mabokweni, halafu unaiacha barabara ya Horohoro na kushika njia ya bara. Wengi wanapajua kwa ajili ya kambi ya JKT. Sisi wenyeji tunapajua zaidi kwa ngedere. Mahindi yakianza kubeba tu, mchana wanakuja nyani na ngedere, usiku nguruwe pori. Mwanamke mjane mwenye ekari mbili atafanya nini? Anafuga mbwa.

Mama anaye mbwa jike, jina lake Hayawahusu. Jina hilo ni salamu kwa majirani, msiniulize zaidi. Mjomba wangu ni mtu wa swala tano, hataki mbwa apitishe pua karibu na kanzu yake, lakini hata yeye anasema mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa. Mradi asilambe vyombo, akilamba ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo Hayawahusu analala banda la nyuma ya jiko na ana sufuria yake kuukuu.

Basi akazaa watoto watano. Walipofika kama miezi miwili hivi, mama akanipigia simu: mmoja amegoma kula, amejikunja tu. Mimi mwandishi wa habari, mjuzi wa yote, nilishawahi kusoma mahali kwamba kitunguu saumu kinaongeza kinga ya mwili. Nikamwambia, "Mama, twanga kitunguu saumu, wachanganyie kwenye uji, wote." Mama yangu ananiamini kuliko ninavyostahili. Akatwanga.

Nilifika Jumamosi. Watatu walikuwa wameshakufa, na wa nne akafa usiku ule ule. Walikuwa wanatapika na kuharisha damu, na harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa ameshawapa majina wote. Aliniuliza kwa nini dawa yangu haikufanya kazi, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Asubuhi nikamfuata bwana mifugo. Swali lake la kwanza halikuwa wamekula nini, lilikuwa wamechanjwa? Hawakuchanjwa. Akasema dalili zote ni za parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa wadogo. Nikamweleza habari ya kitunguu. Hakunigombeza, ila alinyamaza kidogo, na kule kunyamaza kuliniuma zaidi. Akasema si kitunguu kilichowaua. Lakini vitunguu vyote, maji na saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa hiyo mnyama ambaye tayari anapoteza damu, mimi nilikuwa namwongezea mzigo.

Wa tano alikuwa bado anapumua. Bwana mifugo akamwekea maji ya dripu chini ya ngozi, akatuachia na sindano nyingine za kuzuia bakteria. Dawa ya virusi vyenyewe hatukuwa nayo, unachofanya ni kumzuia mnyama asikaukiwe maji mpaka mwili wake upigane wenyewe. Tulikesha zamu, mimi na mama.

Katika kukesha huko, na maswali niliyorudi kumwuliza yule bwana, ndipo nilipoelewa kitu ambacho naona wengi tunakikosea. Tunataka kinga ya mwili iwe kitu cha kupika jikoni. Mtoto wa mbwa anapewa kinga ya kwanza na mama yake, kwenye dang'a, yale maziwa ya siku ya kwanza. Kinga ile inapungua wiki hadi wiki, na kuanzia wiki ya sita hivi wengine inawaishia. Hapo ndipo parvo inapowakuta. Chanjo inaanza wiki ya sita hadi ya nane, na inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita, kwa sababu kinga iliyobaki ya mama inaweza kuizuia ile ya mwanzo isishike. Hakuna mwarobaini wala kitunguu kinachoziba pengo hilo.

Nyumbani kazi yako ni kutoiharibu kinga aliyonayo. Minyoo, kwa mfano. Mtoto wa mbwa anazaliwa nayo au anainyonya kwa mama yake, ndiyo maana dawa inaanza wiki ya pili tu, tena baadhi ya minyoo hiyo inaingia hata kwa watoto wetu wanaocheza nao. Kupe nao wanaleta homa zinazomaliza damu. Lakini tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kipimo cha ng'ombe.

Na chakula. Hapa mama alinyamaza yeye. Mahindi yaliyonyeshewa na kuota ukungu, ambayo sisi hatuli, ndiyo yaliyokuwa ugali wa Hayawahusu na wanawe. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Hiyo ndiyo iliyoua watu 125 Kenya, upande wa Ukambani, mwaka 2004, na ikaua tena watu huku kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa inamharibu ini, na kidogo kidogo inaidhoofisha kinga yake. Tunamlisha sumu, halafu tunamtafutia mitishamba ya kumtia nguvu!

Lipo jingine lililonitisha zaidi. Kama hawakuchanjwa parvo, je kichaa cha mbwa? Hata mama yao hakuwahi. Mpwa wangu alikuwa akiwabeba shingoni, wakimlamba uso. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mbio hospitali, usingoje kuona mbwa atafanya nini.

Wenzetu wa Pemba, hapo ng'ambo tu ya bahari, walianza kuchanja mbwa kwa kampeni mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ukatoweka kisiwani. Ukaingia tena 2016, wakachanja tena, 2018 ukaisha tena. Inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, mwaka hadi mwaka. Kwetu kitongojini nilihesabu mbwa kumi na mmoja. Waliochanjwa, wawili.

Nilimwaga jiki bandani, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, maana kirusi cha parvo kinakaa ardhini miezi mingi. Wa tano alipopona kabisa, nikaenda Tanga mjini kumchukulia chanjo ya magonjwa mengine. Nilirudi nayo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, abiria mwenzangu akaniomba kikombe. Ya kichaa alichomwa alipotimiza miezi mitatu, siku moja na mama yake. Mjomba ndiye aliyeshika kamba. Kwa mbali, lakini alishika.

Mpwa wangu amefuta lile jina la zamani, sasa anamwita Watano. Juzi mama amenipigia, mahindi yameanza kubeba. Anasema Watano alibweka mpaka alfajiri, na asubuhi wakakuta nyayo za nguruwe zimeishia nje ya shamba. Picha yake nitaiweka wiki ijayo.