Chake, Mji Uliotazama Horini

Chake Chake ndio mji mkubwa wa Pemba, lakini uwanja wa mji hauna. Aliyezoea Forodhani ya Unguja, na majumba ya wafalme yaliyojipanga mbele ya bahari, asije huku akitarajia kukuta mfano wake.

Nilipanda gari ya 603 bandarini Mkoani asubuhi, meli ilipokwisha kufunga. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kila ua, na kila ukingo wa lami uliopata jua, umetandikwa majamvi, na karafuu juu yake zinaingia weusi. Vibarazani wanawake na watoto wamekaa duara wakichambua, makonyo upande huu, karafuu upande ule, mikono inakwenda yenyewe huku midomo ikiendelea na habari za mtaa. Dereva wetu aliyakwepa yale majamvi kwa heshima ambayo hakumpa mwendesha baiskeli hata mmoja.

Tulipofika nilimuuliza konda katikati ya mji ni wapi.

“Umeshafika, kaka. Ndo hapa.”

Hapa maana yake ni barabara kuu inayopanda kilima, soko, maduka yaliyobanana, jengo la mahakama lenye mnara wa saa, na watu wengi kuliko nafasi. Hakuna sanamu, hakuna chemchemi, hakuna pa kusimama ukapiga picha bila kumzuia mchukuzi mwenye gunia. Sikuona kasoro. Mji ambao watu wake hukutana barazani, kwa kahawa na kashata, hauhitaji kiwanja kitupu cha kuwakumbusha kwamba ni wamoja. Kukiwa na shughuli ya kitaifa watu huenda Gombani, kwenye uwanja wa michezo; huko ndiko sherehe za miaka 61 ya Mapinduzi zilikofanyika Januari 12, 2025.

Jengo lenye hadithi ndefu zaidi mjini ni dogo: ngome, ambayo sasa ni Makumbusho ya Pemba. Kilichosimama ni kipande tu, kwani sehemu kubwa ilibomolewa kupisha hospitali. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Waarabu wa Oman ya karne ya 18, ila minara yake ya pembe nne imewafanya baadhi ya wataalamu kuhisi mkono wa Wareno chini ya msingi. Nilipapasa ukuta: mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi kwamba joto la nje halikuwa limefika ndani. Vyumbani kuna vyungu, vyombo vya nyumba ya Kiswahili na maelezo ya magofu ya kisiwa kizima. Nilikaa humo zaidi ya nilivyopanga.

Nilipotoka ndipo nikaelewa kwa nini ngome iko pale. Kilima kinashuka kwenda horini, na hori lile linatoka magharibi hadi bahari kuu, likipita Ras Mkumbuu. Baadhi ya waliofukua huko wanaamini ndiko ilikokuwa Qanbalu, mji alioutaja msafiri Al-Masudi katika karne ya 10 kuwa una wenyeji Waislamu na watawala wao. Wamazrui wa Mombasa walipoishika Pemba, mpunga wa kisiwa hiki ndio uliolisha mji wao, mpaka Wabusaidi wa Oman walipowanyang’anya katika miaka ya 1820. Kisha kimbunga cha 1872 kikaing’oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na karafuu ikawa ndiyo mali. Vyote hivyo vilisafiri kwa majahazi. Uso wa Chake ulikuwa chini kule, penye mikoko. Leo meli kubwa zinafunga Mkoani na Wete, na mji umeigeukia lami.

Mchana nilichukua bodaboda hadi Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye boma la Mkama Ndume, mtawala ambaye Wapemba bado wanamtaja kama mtu aliyekufa juzi. Boma ni la karne ya 15 hivi, na ngome za wakati huo ni adimu mno katika mwambao wetu. Kilichobaki ni tuta refu la udongo na mawe, vichaka, na mzee mmoja wa kijijini aliyejitolea kunitembeza.

Alinipeleka kwanza kisimani. Masimulizi yanasema Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta katikati ya kisima: mmoja ateke kwa ndoo kutoka juu, mwenzake ashuke ngazi upande wa pili, wasionane.

“Angemwacha mmoja, ami,” nikasema.

“Kujenga kwake kulikuwa rahisi, mwanangu. Hakujenga yeye.”

Halafu akanisimulia hadithi ambayo kila Mpemba aliyesoma chuoni na aliyekosa anaijua: kwamba watu walilazimishwa kubeba mawe ya boma vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapa pia chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa lipu ukutani, nembo ya enzi mahali pasipofikiwa na umma. Na huku nako kulikuwa na njia ya maji ya kuletea vyombo hadi karibu na boma. Mtawala huyu naye alitazama bahari, ila ya mashariki.

Nikamuuliza yule mzee swali kama lile nililomuuliza konda: watu wa Mkama Ndume walikuwa wakikusanyika wapi?

Akanyoosha fimbo kuelekea nje ya tuta, kwenye mashamba.

“Ndani waliingia na mawe tu.”