NGIRI: JINA MOJA, MARADHI MBALI

Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara: Je, ngiri wa porini na ngiri ya tumboni vina undugu? Huwajibu kwamba sauti moja si maana moja. Kaa la moto si ndugu wa kaa wa pwani. Hata sarufi yawatenga: mnyama ni ngiri huyu, maradhi ni ngiri hii. Wala nyama ya yule haileti hii.

Wazungu huyaita maradhi haya kwa neno la Kilatini, hernia, lenye asili moja na neno hira, yaani utumbo. Jina hilo lapatana na jambo lenyewe. Ukuta wa tumbo huwa na mahali dhaifu, hasa kinenani na kitovuni. Hapo utumbo hupenya ukatuna chini ya ngozi. Mtu akikohoa au akiinua mzigo uvimbe hutokeza. Akilala, hurudi ndani.

Lakini sisi twachanganya. Busha ni maji yaliyokusanyika katika mfuko wa korodani, na huko pwani mara nyingi huletwa na minyoo ienezwayo na mbu. Hata hivyo busha na ngiri zote mbili huitwa mshipa, na kila mgonjwa hunywa mizizi ya mwenziwe! Mizizi haishoni ukuta uliofumuka. Ukuta hushonwa na daktari. Tangu mwaka 1887, Edoardo Bassini wa Italia alipowaeleza wenzake njia yake ya kushona, kazi hiyo imeendelea sana.

Twamkumbuka mzee mmoja jirani yetu. Kwa haya aliuficha uvimbe wake miaka mingi, akisema, “Ni mshipa tu.” Siku moja shambani uvimbe ulikataa kurudi, ukawa mgumu wenye maumivu makali, akatapika usiku kucha. Vijana walimchukua hospitali asubuhi, lakini utumbo ulionaswa ulikuwa umekwisha kufa kwa kukosa damu. Tulimzika siku ya tatu.

Basi, ndugu wasomaji, dalili hizo zikitokea msingoje kupambazuke. Na mtoto mwenye uvimbe wa kinena apelekwe kwa daktari mapema, maana huo haujifungi wenyewe, ingawa ule wa kitovu mara nyingi hujifunga akikua. Mwili tumepewa na Mungu. Kuutaja ugonjwa wake kwa jina lake si aibu. Mzee wetu hakuuawa na ngiri peke yake, bali na jina alilojifichia.