Saa sita au saa tisa?

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na kuna wengine mmeanza kuniuliza kwenye foleni ya kafeteria kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa nyumbani Kigoma, halafu nilikuwa na aibu, na aibu haiandikiki haraka. Leo naitoa yote. Waliokuja kusoma habari za mpira watanisamehe, leo ni matetemeko ya ardhi. Msikimbie.

Wengi mnajua kwamba tangu mwaka jana mimi ndiye ninayeendesha diskasheni ya jiofizikia, kila Jumatano saa kumi na moja jioni, hapa hapa Mlimani. Sikugombea cheo hicho. Kaka aliyekuwa anaiendesha alimaliza masters akaondoka, akaniachia ufunguo wa chumba, birika la umeme na daftari la mahudhurio. Basi nikawa mwenyekiti.

Wanaokuja ni sisi wa masters na PhD, walimu wawili watatu, mzee mmoja mstaafu aliyezunguka nchi hii na nyundo yake ya jiolojia, na mara mojamoja mtafiti kutoka nje anayepitia Dar akielekea kwenye ziwa au volkano fulani. Mtu mmoja analeta makala, anaieleza dakika 20, halafu tunaichana vipande. Kazi zangu ni tatu: kutafuta mtu wa kuwasilisha, kuhakikisha chai na chapati zipo, na kuangalia saa. Hiyo ya tatu ikumbukeni.

Nisiwadanganye, kuendesha kikundi kama hiki ni kazi. Wakubwa wanaongea, wadogo wanaandika. Ukisema "kuna swali?" mwanafunzi anamwangalia mwalimu wake, mwalimu anaangalia simu, kimya. Tukianza kwa Kiingereza wanaongea watu wanne. Chai ikifika, Kiswahili kinaingia, na ghafla chumba kizima kina wanasayansi. Mawazo mazuri kabisa ya kikundi chetu yamesemwa na mtu mwenye chapati mdomoni.

Lakini Jumatano nyingine ni tamu jamani. Kuna siku tulikaa na michoro ya mradi wa PROBE, wale watu wa Chuo Kikuu cha Duke waliopita na meli kwenye Ziwa Tanganyika miaka ya 1980 wakipiga mishindo ya hewa majini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini. Mimi mtoto wa Buzebazeba, nimekua nakula migebuka na dagaa wa ziwa hilo, nimeogelea humo mpaka macho yakawa mekundu. Kumbe sikulijua. Nilidhani ni shimo moja refu lenye maji. Siyo. Ni mabonde yaliyopangwa kama mnyororo, kila moja lina ufa mkubwa upande mmoja, na upande wa pili ardhi inateremka taratibu. Ukienda mbele, ufa mkubwa unahamia ng'ambo. Maji yanafika kina cha mita 1,470, na chini ya maji kuna matope yaliyolala tabaka juu ya tabaka kwa kilomita kadhaa. Siku hiyo mzee wetu mstaafu alisema neno moja tu: "Hilo siyo ziwa, ni nchi inayoachana." Nililala nikilifikiria.

Haya, sasa aibu yangu.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005. Lilikuwa na ukubwa wa 6.8, kitovu chake chini ya ziwa, na waliopata taabu zaidi ni wenzetu wa Kalemie upande wa Kongo, ambako nyumba zilianguka na watu wakafa. Lilisikika mpaka Nairobi. Nilitaka kulinganisha rekodi za mitambo na kumbukumbu za watu: walisikia nini, kwa nguvu gani, ukuta ulipasuka au vyombo viligongana tu kabatini. Ni kazi nzuri hiyo, kwa sababu kwetu vipima tetemeko ni vichache kuliko wazee.

Nilipiga simu nyumbani nikahoji wazee kadhaa. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakaniambia ilikuwa kama saa tisa mchana. Jedwali langu likasema 12:19. Yaani saa sita na dakika 19. Jedwali lenyewe nililidesa kwenye faili la zamani linalozunguka kwenye kikundi chetu, sijui hata nani alilianzisha. Nikaamini jedwali. Zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika, nikaweka slaidi yenye maandishi makubwa kwamba kumbukumbu za wananchi zina kosa la saa tatu, kwa hiyo zitumike kwa tahadhari kubwa. Watu wakatikisa vichwa. Nikajiona profesa.

Nyuma kabisa akanyoosha mkono dada mmoja wa mwaka wa kwanza wa masters. Hajawahi kuongea tangu aanze kuja. Akasema taratibu, "Samahani kaka, hiyo saa ya kwenye jedwali ni saa ya wapi?"

Na mimi, mwenyekiti, mtunza muda, nikajibu: "Ni saa ya kwenye rekodi, dada. Muda umeisha, twendeni kwenye chai." Wengine wakacheka. Nikacheka na mimi. Yeye akafunga kalamu yake.

Jumatano iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Nikaweka mkasi kwenye daftari la mahudhurio, sikujiuliza.

Mwezi uliopita nikapanda basi kwenda Kigoma kuwahoji wazee ana kwa ana. Mnaojua safari ya mwisho wa reli mnajua, unashuka miguu imevimba kama maandazi. Nilifika Buzebazeba nikapokelewa na bibi yangu kama kawaida yake: "Mume wangu umekonda, huko Dar hawakulishi?" Nikapewa ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, nikala kimya mpaka sahani ikaonekana rangi.

Jioni tukakaa uani, nikawasha kinasa sauti cha simu. Nikamuuliza, bibi, lile tetemeko la 2005, unakumbuka lilikuwa saa ngapi?

"Saa sijui," akasema. "Saa mnazijua nyie wenye masimu. Mimi nakumbuka tulikuwa tumeshaswali adhuhuri, tumeshakula, nimekaa pale kwenye mkeka nachambua mchele. Alasiri bado. Ulikuwa wakati wa kampeni, ule uchaguzi uliosogezwa mbele, gari la matangazo lilikuwa limetoka kupita. Nikasikia mvumo, nikadhani gari limerudi. Halafu ukuta ukafanya hivi." Akatikisa kiganja. "Mama yako akapiga kelele. Wewe ulikuwa umelala mkekani. Hukuamka!"

Mtaalamu wa matetemeko, wadau. Nimelilala tetemeko langu la kwanza.

Mjomba, ambaye ni mvuvi, akaingia na yeye akasema alikuwa Kibirizi anashona nyavu, maji yakamchanganya. Akataja wakati uleule, kati ya adhuhuri na alasiri. Nikawashukuru, nikazima simu, huku moyoni najiambia, haya, hawa nao wamekosea saa tatu zilezile.

Nikaenda kulala. Usingizi ukagoma.

Kwanza, adhuhuri. Saa zetu Tanzania nzima ni moja, lakini Kigoma iko magharibi sana, jua la kwetu linachelewa kama dakika 38 nyuma ya jua la Dar. Mwanzoni mwa Desemba adhuhuri ya Kigoma inaingia kwenye saa saba kasoro dakika kumi hivi. Sasa kama tetemeko lilipiga saa sita na dakika 19, adhana ya adhuhuri ilikuwa haijasikika. Bibi angewezaje kuwa ameshaswali na kula? Mtu anaweza kusahau saa. Bibi yangu kusahau kama alikuwa ameswali au bado? Hapana.

Pili, na hili ndilo lilinikalisha kitandani. Watu wakikosea kwa kusahau, kila mmoja anakosea kivyake. Huyu atasema asubuhi, yule atasema magharibi. Wazee wangu wote wamekosea upande mmoja, kwa kiasi kilekile, bila kukaa kikao. Hilo tunafundishana kila Jumatano: kosa linalofanana kila mahali halitoki kwenye vipimo, linatoka kwenye rula. Na rula hapa alikuwa nani? Mimi na jedwali langu.

Ndipo sauti ya yule dada ikanijia. Hiyo saa ni ya wapi?

Nikafungua jedwali kwenye simu, saa nane ya usiku, bando la mwisho. Nikatafuta tetemeko ambalo saa yake haina ubishi: Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Nchi nzima inajua lilipiga saa tisa na nusu kasoro alasiri, Jumamosi. Jedwali langu linasema 12:27.

Saa ya Greenwich. Jedwali zima ni saa ya Greenwich, mtu fulani alifuta kichwa cha safu, na mimi nikalinakili hivyohivyo. Ongeza saa tatu upate saa ya Afrika Mashariki: 12:19 inakuwa saa tisa na dakika 19 alasiri. Adhuhuri imeshaswaliwa, chakula kimeshaliwa, alasiri bado. Bibi hakukosea hata dakika moja. Habari ya saa ya Greenwich ni jambo la msingi kabisa kwa mwanafunzi wa jiofizikia. Na mimi nilikuwa karibu kuandika kwenye tasnifu, ikae maktaba milele, kwamba wazee wa kwetu hawaaminiki.

Asubuhi nikamwambia bibi. Hakushtuka hata kidogo. Alichouliza ni kingine: "Sasa hilo tetemeko litarudi lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku. Tunajua yatakuja, kwa sababu ardhi ya huku inaendelea kuachana. Tunajua yanaweza kuwa makubwa kuliko hilo, maana mwaka 1910 kusini huko upande wa Rukwa lilipiga la ukubwa wa 7.4. Siku hatuijui.

"Na mnakaa kila Jumatano?"

Kila Jumatano, bibi.

"Mnajadili nini?"

Dah. Nilitafuta jibu. Nikamweleza kwamba ardhi laini ya karibu na ufukwe hutikisika vibaya kuliko mwamba, kwamba tukijua wapi ni laini tunaweza kuwaambia watu wajenge vipi, kwamba mara nyingi kinachoua ni nyumba. Akaangalia ukuta wake wa matofali ya udongo, akaangalia ule ufa wa 2005 ambao mjomba aliuziba kwa saruji. Akasema, "Basi hayo ndiyo mje kutuambia." Sikuwa na la kuongeza.

Niliporudi Mlimani nilianza kwa supavaiza wangu. Alinisikiliza, akanirudishia sura ya tatu yote. Nimepoteza miezi miwili hapo. Kisha nikaenda kumtafuta yule dada maabara. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, yakaniishia. Nikamwambia ulikuwa sahihi na mimi nilikunyamazisha mbele za watu, nisamehe.

Akasema, "Mimi nilijua kaka. Lakini ulisema muda umeisha." Akaendelea na kazi yake. Hakusema amenisamehe.

Jumatano hiyo nilisimama mbele ya kikundi kizima, nikaweka slaidi ileile, nikaikata msitari mwekundu, nikaeleza kosa na aliyeliona kwanza. Chumba kimya. Mzee mstaafu akasafisha koo, akasema hata yeye siku ile aliona kitu hakikai sawa, lakini alidhani vijana mmeshakagua. Hapo ndipo nikaelewa ugonjwa wetu. Kila mtu alidhani mwenzake amekagua, na mmoja aliyeuliza tukamcheka.

Tumebadilisha utaratibu. Maswali kumi ya mwanzo ni ya wanafunzi, wa mwaka wa kwanza wakitangulia, na walimu wanasubiri. Kiswahili ruksa tangu dakika ya kwanza, siyo mpaka chai. Na mwasilishaji hawi mtunza muda.

Juzi yule dada alirudi. Alikaa nyuma palepale. Nilipomaliza kuonyesha sura mpya akanyoosha mkono: "Kaka, hao wazee uliowahoji, wanawake ni wangapi? Maana saa tisa wanaume wengi wanakuwa nje, na aliye nje na aliye ndani hawasikii tetemeko sawasawa." Wanawake niliowahoji ni wawili, bibi yangu akiwemo. Kwa hiyo ndiyo, narudi tena Kigoma.

Wadau mliotoka Kigoma, Uvinza, Kasulu, Kalemie, hata Bujumbura, naomba msaada wenu. Mkipiga simu nyumbani waulizeni mama na mabibi zenu kuhusu ile Jumatatu ya Desemba 2005. Msiwaulize ilikuwa saa ngapi. Waulizeni walikuwa wanafanya nini.

Haya, ngoja nikalale. Kesho ni Jumatano na sijanunua majani ya chai.